Bibi Amenikataza Kumwambia Dada Habari za Damu Yetu

Barua hii ilinifikia msimu wa mvua wa mwaka jana. Sikuichapa kwenye safu hii ya ushauri wakati ule, na msomaji ataona sababu. Sasa wenyewe wameniruhusu, wote, hata huyo bibi. Nimebadili majina na mji tu.

*Mpendwa Mama Hanawa,*

Shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiweza usiniweke kwenye foleni ya barua nyingine, maana jambo langu naona halina subira. Mimi ni Shiho, nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa tatu na sasa nafanya kazi nyumbani, na kwetu kazi ni natto, soya za kuvundika, tunazichemsha na kuzifunga kwenye mabua ya mpunga na kuzipeleka madukani, na mwenye kauli ni Bibi, mama yake Baba, na Baba sijawahi kumsikia akimpinga.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliteguka kifundo cha mguu wa kushoto kwenye mpira wa wavu, nikafungwa plasta ngumu, nikaambiwa nipumzike, nami nikapumzika kweli, nikawa wa kulala na kusoma vitabu vya katuni tu, halafu mguu ukaanza kubana ndani ya plasta, Mama akasema kila anayefungwa plasta hulalamika hivyo, tukaacha. Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mnene kuliko mwenzake, tukasema utapungua wenyewe. Asubuhi moja napanda ngazi za shule pumzi ikakatika katikati na kifua kikachoma upande mmoja kama nimechomwa kwa mshikaki, nikakaa palepale kwenye ngazi, wenzangu wakacheka wakidhani nakwepa kipindi cha hisabati, mpaka mmoja akaona rangi ya midomo yangu akakimbia kumwita mwalimu.

Hospitali walikuta damu imeganda kwenye mshipa wa paja na kipande kimesafiri hadi kwenye pafu. Mama alibisha, akasema hayo ni maradhi ya wazee, lakini Daktari Kurosu, ambaye ni mama mmoja mfupi anayesema upesi upesi, akamjibu kwamba kwa watoto ni nadra, ila ikitokea haiulizi umri. Nikatundikiwa dripu, baadaye nikahamishiwa vidonge vya kuzuia damu isigande, na kila mara natolewa damu kupima kama dawa imezidi au imepungua, maana ikipungua damu huganda na ikizidi unavuja, fizi zinatoka damu, na siku zangu za mwezi zikawa nzito hata nikaona aibu kukaa kwenye viti vya watu. Nilimwuliza daktari kama nitapona. Akasema hatanidanganya, wengi wa umri wangu hupona na kuishi kama wenzao, wengine mguu hubaki na uvimbe, wachache damu huganda tena. Nikamwuliza mimi nimo fungu gani.

Akasema, "Anza kwa kuwa kwenye fungu la wanaomeza dawa. Mengine tutayaona pamoja."

Sasa Mama Hanawa, dawa yangu haielewani kabisa na natto. Ukila natto, dawa inakuwa kama hujameza. Nami ndiyo hivyo nimezaliwa nyumba ya natto. Niliporudi kutoka hospitali Bibi alikuwa ameniandalia bakuli na wali wa moto, Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba daktari amekataza, Bibi akasema maisha yake yote analisha mji huu soya hizi na hajamwua mtu, na mimi sikutaka kumvunja moyo, nikala, na kesho yake nikala tena, nikawa nakula kila asubuhi. Mguu ukavimba upya, nikarudi kitandani hospitali. Hakuna aliyemlaumu. Bibi alikuja akakaa karibu yangu, akamenya tunda la peasi, akalikata vipande, na wakati wa kuondoka akasema, "Kumbe ni chakula changu." Tangu siku hiyo hajaniwekea bakuli lile, na yeye mwenyewe hulila jikoni akiwa amefunga mlango. Nakueleza haya ili usidhani Bibi yangu ni mtu mbaya au haamini madaktari.

Baada ya kuganda mara ya pili walinipima zaidi, wakagundua nimezaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinachoizuia isigande ovyo, nao ni wa kurithi. Wakampima Baba, anao. Daktari akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyekufa ghafla akiwa kijana, Baba akainamisha kichwa, akamtaja kaka yake, Baba Mkubwa Eikichi, aliyekuwa dereva wa lori letu, aliyerudi safari ndefu ya kaskazini akiwa na miaka ishirini na miwili, akashuka kwenye lori, akaanguka uani. Watu walisema ni moyo. Daktari Kurosu akasema ndugu wote wa damu wapimwe, hasa wanawake ambao bado watazaa, kwa sababu mimba yenyewe huongeza kuganda kwa damu.

Bibi akakataa. Alisema mezani, mbele ya Baba na Mama na mimi, kwamba habari ya damu isivuke kizingiti cha nyumba hii. Shangazi yangu, dada yake Baba, ana binti mmoja, Natsuho, ana miaka ishirini na minne, na ameposwa na watu wa Kasama, watu wa ufinyanzi, wenye jina, na harusi ni baada ya mavuno. Bibi akasema mshenga akisikia tu neno "kurithi" ataondoka na viatu vyake mkononi. Baba akasema tungoje harusi ipite. Mama akasema yeye ameolewa tu humu, hana sauti. Mimi nikaosha vyombo.

Baadaye Bibi alinifuata kwenye chumba cha mvuke tunakochemshia soya, akaniambia jambo ambalo Baba hajawahi kulitaja. Kwamba Eikichi alipokufa, ndugu za mumewe walimwambia palepale msibani kuwa ndiye aliyeleta damu mbaya nyumbani kwao, na watu wakaacha kununua natto yetu kwa muda mrefu, na shangazi akavunjiwa uchumba wake wa kwanza. Akasema, "Nilimzika mtoto, halafu nikanyooshewa kidole na waliokula chakula cha msiba wangu. Natsuho hatapitia hayo nikiwa hai."

Mama Hanawa, Natsuho kwangu ni dada, hatukuzaliwa tumbo moja lakini ndiye aliyenifundisha kuogelea na kudanganya kwenye karata. Anafanya kazi na kupanga chumba Hitachinaka, si mbali kwa treni. Wiki iliyopita alinipigia simu, akaniambia nisimwambie mtu, ana mimba, changa, mchumba wake anajua na amefurahi, wengine watajua baadaye. Akasema hata maji hayakai tumboni, anatapika kutwa, kazini amewaambia ana mafua na anashinda amelala. Nikamwambia pole. Halafu akacheka, akasema, "Mdogo wangu, nimelala mpaka mguu unaniuma, huu wa kushoto, nimekuwa bibi kizee."

Nilikata simu. Tangu siku hiyo sili vizuri. Nikimwambia Natsuho nitakuwa nimemvunjia Bibi neno lake na pengine nimevunja harusi. Nikimwambia Bibi kuhusu mimba nitakuwa nimemsaliti Natsuho. Nikinyamaza naogopa hata kuandika. Nimeshaamua kwamba sitanyamaza, hilo sikuombi uniamulie. Ninachoomba ni unifundishe pa kuanzia, nimwambie nani kwanza na kwa maneno gani, maana kwetu mimi ndiye mdogo kuliko wote, na ndiye mgonjwa, na sijawahi kumpinga mtu.

Namba ya simu ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha.

*Ni mimi mtoto wako, Shiho*

Nilipofika kwenye mguu wa Natsuho niliiweka barua chini na kupiga simu. Aliyepokea alikuwa bibi mwenyewe. Akauliza mimi ni nani na namtakia nini mjukuu wake. Nikasema naitwa Hanawa, ni jambo la afya, nalo ni la leo. Nikamsikia akiita jina la Shiho bila kuuliza zaidi. Nilimwambia msichana maneno machache: atoke sasa hivi aende kwa dada yake, amweleze yaliyompata yeye mwenyewe, ampeleke hospitali, mengine nitamwandikia. Jioni ileile nikaandika haya.

*Mwanangu Shiho,*

Nakuandikia yale niliyokuambia kwenye simu ili uyashike, pamoja na yale ambayo hukuwa na nafasi ya kuyasikia kwa sababu ulikuwa unatafuta viatu.

Kwanza nikugombeze, halafu tuendelee. Wiki nzima! Mtu mwenye mimba, anayetapika, aliyelala, anayeumwa mguu mmoja, na wewe unayejua maana ya mguu mmoja kuliko mtu yeyote kwenye ukoo wenu, unakaa kutafuta karatasi nzuri ya kuandikia gazeti. Mimi si daktari, ni mwanamke mzee mwenye kalamu, lakini hata mimi najua kwamba jambo la namna hiyo halisubiri posta. Ulipaswa kumwambia kwenye simu ileile: Dada, inuka, nakuja, tunaenda hospitali. Nimemaliza kukugombeza. Una miaka kumi na minane na umelelewa nyumba ambayo kila mtu husubiri aliye juu yake aseme kwanza. Haya.

Umeniuliza umwambie nani kwanza. Mwenye mguu ndiye wa kwanza. Baba yako, shangazi, mshenga, watu wa Kasama, hao wote wana zamu yao na hakuna kati yao anayepumua kwa pafu la Natsuho.

Umeniuliza kwa maneno gani. Wewe unadhani unakwenda kufichua siri ya ukoo. Hapana. Bibi yako ana haki ya kuficha mambo yake, lakini ugonjwa wako ni wako. Plasta ilikuwa mguuni kwako, mshikaki ulichoma kifua chako. Hakuna mtu duniani anayeweza kukukataza kumwambia dada yako yaliyokupata wewe. Kaa karibu naye umweleze ulivyoanza, ulivyodhani ni plasta, ulivyokaa kwenye ngazi. Kisha mwambie ugonjwa ni wa kurithi, Baba anao, na kwamba daktari anataka mpimwe. Maneno mengine hayahitajiki. Mtu mzima akishasikia hayo atajua pa kwenda, na akiona haya kwenda peke yake, wewe mshike mkono. Kwa daktari aseme yote bila kupunguza, mimba, kutapika, kulala, mguu, na jina la ugonjwa wako. Na asikubali kurudishwa nyumbani bila mguu kuangaliwa.

Mimba usimtajie mtu. Hiyo si yako. Natsuho ataisema mwenyewe, na mchumba wake ataambiwa habari za damu na Natsuho, si na wewe wala mimi. Akiamua kuondoka, ni heri aondoke sasa kuliko mtu kuishi na mume anayepaswa kufichwa daktari wa mkewe. Lakini usimhukumu kijana wa watu kabla hajafungua mdomo. Kwenye nchi hii tumezoea kudhani wenzetu ni wabaya kuliko walivyo, halafu tunawafungia mlango na kusema tuliwajua.

Baba yako mwambie ukishatoka kwa Bibi, usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Mwambie kaka yake hana tena cha kupoteza, dada yake anacho.

Sasa Bibi. Hapa nenda polepole, maana huyu mama ameumizwa na watu ambao hawakumwomba radhi hadi leo. Usimwambie amekosea. Ukitoka hospitali nenda kwake kabla ya mtu mwingine yeyote, piga magoti mbele yake kama mjukuu, umwambie: Bibi, nimemwambia Natsuho habari za ugonjwa wangu, nimevunja neno lako, sitalivunja tena kwa siri, kila nitakachofanya utakisikia kwangu kwanza. Atakasirika. Mwache akasirike. Atakununia, na wewe utaamka, utachemsha soya, utamwekea chai. Hasira ya bibi haigandishi damu ya mtu.

La mwisho ni lako mwenyewe, maana barua nzima umejitaja kama chombo chenye ufa. Umeandika "mimi ndiye mgonjwa" kama watu wanavyoandika "mimi ndiye mwizi." Acha. Meza vidonge vyako kila siku, ukisahau mwambie daktari ukweli, vaa soksi ya kubana mguu kama daktari amekupa, hata kukiwa na joto, usishinde umesimama kwenye mvuke bila kupumzisha mguu, weka kiti pale. Kuhusu siku nzito za mwezi, mweleze Daktari Kurosu waziwazi, ana namna ya kukusaidia, na usikubali mtu akuandikie vidonge vya homoni bila kujua damu yako. Muulize pia kama unaweza kucheza mpira wa wavu tena. Umesema hujawahi kumpinga mtu. Umempinga Bibi, Baba, Mama na mshenga kwa barua moja, kwa hiyo hilo nalo si kweli tena.

*Nakushika mkono, Hanawa*

Sasa yaliyotokea. Shiho alimkuta dada yake amelala, akamsimulia yote pale kwenye mkeka, na Natsuho akamsikiliza huku akiukandakanda mguu wake, mpaka Shiho akamshika mkono na kumwambia aache kuukanda. Walikwenda hospitali kwa teksi. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa nyuma ya goti. Kwenye pafu haikuwa imefika. Natsuho alifundishwa kujidunga tumboni kila siku sindano ya kuzuia damu isigande, akajidunga hadi karibu na kujifungua na tena baada ya kujifungua. Alimwambia mchumba wake mwenyewe. Mshenga alijitoa, kama Bibi alivyosema. Bwana harusi hakujitoa. Harusi iliharakishwa, haikungoja mavuno, ikafanyika wakati wa joto, ndogo, na baba wa bwana harusi hakuja. Sitaki mtu adhani kusema ukweli hakuna gharama.

Shangazi naye alipimwa, anao upungufu, na hajawahi kuumwa hata siku moja. Wengi wako hivyo.

Bibi hakusema na Shiho msimu wote wa mvua. Chai alikuwa akinywa. Kisha asubuhi moja alitoka amevaa nguo zake za kutokea, akamwambia mwanawe awashe gari, anakwenda kupimwa yeye. Majibu yalipotoka hakuwa na upungufu wowote. Damu ile ilitoka kwa mumewe, kwa ukoo wa wale waliomnyooshea kidole. Alimtaka Daktari Kurosu arudie kipimo, kikarudiwa, jibu likawa lilelile. Shiho ameniandikia kwamba Bibi alipofika nyumbani alifungua kabati dogo la nyumbani lenye madhabahu ya marehemu, akakaa mbele ya picha ya mumewe bila kuwasha ubani.

"Karibu miaka thelathini nimekubeba, mzee," akasema. "Sasa shuka."

Kisha akaenda kupokea lori la soya.

Mtoto wa Natsuho ni wa kike, alizaliwa mwezi wa kwanza, mnene, mwenye kelele. Mpaka sasa hawajui kama amerithi. Daktari amewaambia kipimo cha mtoto mchanga hudanganya, wangoje akue kidogo. Mguu wa Shiho bado huvimba jioni na pengine utaendelea hivyo. Vidonge bado anameza. Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu kuniruhusu kuchapa haya, msichana mrefu kuliko nilivyomdhania, na nilimwuliza ni nani atakayemweleza yule mtoto, wakati ukifika.

"Mimi," akasema. "Mchana, mezani, watu wote wakiwa wamekaa. Na ataniuliza maswali mpaka achoke."